Naomba ushauri: rauta gani ina nguvu ya kufika ghorofa ya juu kabisa?

Wa_Kibokoni
Assalam aleikum, na wengine wote habari zenu. Naomba mnisaidie kabla mwezi haujaisha maana nimekwama na kichwa chaniuma. Niko Mji wa Kale hapa Mombasa, nyumba ya familia, chini na ghorofa mbili juu. Rauta iko chini na pale chini net ni nzuri sana, ukipanda ngazi ya kwanza yapungua, ya pili ndiyo basi, simu yaonyesha kimstari kimoja na video yazunguka tu. Nataka rauta ya nguvu itakayofika mpaka juu roshani. Nimeambiwa kuna za antena sita na nyingine nane. Ipi nzuri? Shukran.

MwanaKisauni
Antena nane hiyo si rauta dada, ni pweza, mpeleke Lighthouse akakaangwe 😂😂

Wa_Kibokoni
Mimi nina shida ya kweli jamani. Mwenye kujua anisaidie.

FundiWaya
Dadangu wacha kwanza habari ya nguvu, hapo ndipo wengi wanapoliwa pesa. Mawasiliano haya yana pande mbili, rauta inatuma na simu inajibu, kila unachofungua lazima simu iombe na ithibitishe imepokea. Kipaza sauti cha msikiti chasikika mpaka mtaa wa Kuze, lakini wewe ukiwa Kuze ukimwita muadhini hakusikii. Ndiyo maana waona vimstari vimejaa na ukurasa haufunguki. Simu yako haitaongezeka nguvu kwa sababu umenunua rauta ya bei.

Halafu rauta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 2.4 si ya kasi sana ila yapenya ukuta kidogo, ya 5 yaenda mbio lakini ikikutana na ukuta wa maana imekwisha. Sasa nijibu: ukuta ni wa nini, watumiaji ni wangapi, na laini ni ya kasi gani na imeandikishwa kwa jina la nani?

Wa_Kibokoni
Ukuta ni wa matumbawe, wa kizamani, ukikaa dirishani na kunyoosha miguu yote yaenea kwenye upana wa ukuta. Laini ni ya faiba, 40 Mbps nafikiri. Watumiaji ni sisi wa nyumbani na wapangaji. Na kuna fundi mmoja ashaniwekea kando ripita nne, vile vifaa vya kupokea net na kuirusha tena mbele, elfu tatu na mia tano kila moja, nshampa nusu, amesema nyumba kama hizi zote zatumia hizo. Kwa hivyo labda mniambie tu nizipange vipi.

SaibaYaMakadara
Mnanikumbusha mbali sana. Mimi nlikuwa na saiba, duka la kulipia net kwa dakika, pale Makadara enzi za setilaiti, mteja afungua barua pepe aenda kunywa chai arudi bado haijafunguka na dakika zamhesabia. 2009 nyaya za baharini zikatua hapa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka mmoja, EASSy ikafuata 2010, nikasema sasa ndiyo ntatajirika. Wapi! Bei zikashuka, kila mtu akawa na net mfukoni, saiba ikafa. Na hii wireless vijana msidhani imeanza na simu zenu, 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa tofauti kwa redio maana laini za simu zilikuwa ghali na hazitegemeki, wakaiita ALOHAnet. Hiki kiwango cha 802.11 ambacho ndicho WiFi yenyewe kilitoka 1997 na kasi yake ilikuwa 2 Mbps tu. Watoto wa leo wapewe 2 Mbps waone.

MamaTudor
Mimi niulize, hao wapangaji wana watoto? Kwangu niliweka WiFi nikafurahi kweli, printa moja inatumika na laptopu zote bila kuhamisha waya, homework zinafanyika, sinunui bando tena. Lakini mwanangu wa darasa la saba nikamkuta saa nane usiku amejifunika shuka anacheza gemu. Sasa nimeiseti saa nne usiku simu zao zinakatika zenyewe, na simu zinalala kwangu. Net ni neema, lakini mzazi asipokuwa macho hiyo neema itamlea mtoto badala yake. Fikirini hilo kabla ya antena.

FundiWaya
Mama Tudor umesema kweli. Lakini wa Kibokoni umeruka swali langu. Laini ni ya nani? Na ripita usimalizie kulipa. Ripita ya bei hiyo yapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hivyo kasi yakatika nusu kwa kila hatua. Mbili zikifuatana ushabaki na robo. Na ukiiweka pale ambapo net imeshakufa itarudia hiyo hiyo net iliyokufa.

Wa_Kibokoni
Laini ni ya hapa nyumbani nimesema.

KaraniBandarini
Bi mkubwa, "ya hapa nyumbani" na "yangu" ni vitu viwili.

Wa_Kibokoni
Haya. Laini ni ya ofisi ya kakangu iko hapo chini, wanafanya kliaringi, kutoa mizigo ya watu bandarini. Yeye yuko safarini na sijaona haja ya kumsumbua kwa jambo dogo kama hili, laini yalipwa mwezi mzima na ofisi yafungwa saa kumi na moja, usiku kucha inawaka bure. Paswadi ninayo kwa sababu funguo za ofisi naweka mimi. Wapangaji wamenichangia mia tano mia tano za mwezi huu, si biashara, ni mchango wa vifaa. Nyumba ni ya baba yetu sote. Sioni ubaya uko wapi, mimi nimeuliza rauta.

KaraniBandarini
Subhanallah. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo ya kliaringi, sikiza nikwambie kwa roho safi. Kompyuta za ofisi ile ndizo zinazoingia mfumo wa forodha. Kuna invoisi za wateja, PIN zao, nakala za paspoti, na ofisi nyingi ndogo folda ziko wazi ili karani wa meza hii aone kazi ya meza ile. Ukimpa mpangaji paswadi ya rauta hiyo umemuingiza chumba kimoja na hizo kompyuta, hata akiwa kitandani kwake juu. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kakako ndiye atakayeulizwa. Na mpangaji akifanya utapeli mtandaoni, anwani itakayoonekana huko nje ni ya ofisi. Wapelelezi hawatapanda ghorofani kwanza, watagonga mlango wa chini.

BabuMajengo
Na kuchukua pesa kwa net ya mtu mwengine hiyo ni kuuza, ukiita mchango ukiita sadaka ni kuuza. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 yataka leseni ya CA, Mamlaka ya Mawasiliano. Kwanza binti yangu, kakako yu hai na simu anayo. Ya sheria baadaye, adabu ya nyumba kwanza.

Wa_Kibokoni
Babu nakuheshimu, lakini hamjui ya nyumba hii. Nani alipaka chokaa mwaka jana? Nani akaa na mama? Yeye laini aliivuta bila kuniuliza mimi, waya wapita kwenye ngazi yetu.

MwanaKisauni
Wazee mimi naona huu uzi umetungwa. Angalieni vizuri. Mara kaka msafiri, mara wapangaji, mara chokaa, na katikati ripita elfu tatu na mia tano, ripita elfu tatu na mia tano. Kesho utaona memba mpya anakuja "mimi nilinunua zilinisaidia, fundi mtafute WhatsApp". Tushaona mambo haya.

SaibaYaMakadara
Hata mimi nimeshtuka. Mtu wa Mji wa Kale asiyejua kuwa matumbawe yazuia mawimbi? Kuta zile hazipitishi hata sauti, na mvua za masika zikinywewa na ukuta ndiyo mbaya zaidi maana maji yameza mawimbi.

MamaTudor
Na mimi nimeshamwaga ya mwanangu hapa 🙄 kumbe tangazo.

Wa_Kibokoni
Tangazo la nini? Mimi nimeumbuka mbele ya watu kuhusu kakangu halafu mwaniita tapeli?

FundiWaya
Basi tusigombane, kuna njia ya kujua. Pakua programu yoyote ya kupima WiFi kwenye Android, simama kando ya rauta, halafu panda ngazi polepole, kila ghorofa uandike namba. Ni namba za hasi, ikikaribia sifuri ndiyo net ina nguvu. Uangalie na chaneli za majirani, yaani njia ya mawimbi ambayo kila rauta yatumia.

Wa_Kibokoni
Nimepima. Kando ya rauta hasi 41. Nikafunga mlango wa ofisi, ule wa mbao za nakshi, nikasimama nje kwenye daka, hasi 57. Ghorofa ya kwanza juu ya ngazi hasi 70, lakini nikiingia chumba cha mama hasi 79. Ya juu kabisa hasi 86, yaja yapotea. Hizo ni za 2.4. Ile ya 5 nikiingia tu chumba cha mama haionekani hata jina. Ila kuna ajabu moja, nikisimama dirisha la ngazi linalotazama ua wa ndani, ghorofa ya juu kabisa, yapanda mpaka hasi 68. Na majirani wengi wako chaneli 6, wawili 11, mmoja 3.

FundiWaya
MwanaKisauni, mtu wa kutunga hawezi kukuletea hilo dirisha. Mawimbi yatoka ofisini yapanda na uwazi wa ua, hayapiti ukutani. Na 5 kufa kabla ya 2.4 ndivyo inavyokuwa. Kila ukishuka 10 kwenye namba hizo nguvu imepungua mara kumi, kwa hivyo kutoka hasi 41 mpaka hasi 86 ni mara zaidi ya elfu 30. Hapo uniletee antena nane au themanini, hakuna kitu.

Dawa ni waya. Wireless iwe ya hatua ya mwisho tu, kutoka darini mpaka kwenye simu. Vuta waya wa Cat6 kupitia huo ua mpaka kila ghorofa, mmoja wafaa mpaka mita 100 nanyi hamfiki hata robo, mwisho wake weka akses pointi moja, kile kifaa cha kugeuza net ya waya kuwa WiFi. Tumia suichi ya PoE, ndiyo kisanduku cha kugawa waya za net, stima yapita kwenye waya huo huo, hutafuti soketi juu. Jina na paswadi ziwe sawa ghorofa zote, simu yahama yenyewe ukipanda. Kwenye 2.4 weka chaneli 1 ghorofa ya kwanza na 11 ya juu, upana 20 MHz, maana ni 1, 6 na 11 tu zisizopandana na 6 majirani washaijaza. Ulinzi WPA2 au WPA3, na WPS, ile njia ya kuunga simu kwa kitufe bila paswadi, izime.

BabuMajengo
Na waya usiupitishe ukuta wa mbele wa barabarani. Ule ni mji wa hifadhi, watu wa Makumbusho wana ofisi yao huko, uso wa nyumba hauguswi bila ruhusa.

KaraniBandarini
Vifaa ni sawa, lakini mimi bado nangoja la kaka.

Wa_Kibokoni
Nimempigia. Alikasirika dakika mbili tatu kisha akauliza mama aendeleaje. Amesema laini ya ofisi asiiguse mtu, lakini tuvute yetu ya pili kwa jina langu, nusu ya kuivuta atatoa yeye. Mama, mimi na watoto tutaitumia sote. Wapangaji sijawarudishia, nimewaambia wasubiri, anayetaka atarudishiwa na anayetaka kuvutiwa laini yake mwenyewe mchango wake utaingia kwenye waya. Mimi nasema hiyo ni haki. Sasa fundi wa ripita amegoma kurudisha pesa.

FundiWaya
Usimdai pesa, mdai bidhaa. Mwambie akubadilishie kwa suichi ya PoE ya milango minne, ikizidi bei utaongeza. Na tundu la kupitishia waya kutoka uani mtoboe kwa mteremko kuelekea nje, waya mwenyewe uache ushuke kitanzi chini ya tundu kabla ya kuingia, mvua idondokee pale isiingie chumbani kwa mama. Chuma chochote cha nje, skrubu na vishikio, nunua visivyoshika kutu, upepo wa bahari pale haubakishi kitu.

MwanaKisauni
Dada nisamehe kwa ile ya tangazo. Mjomba wangu anavuta waya huko Bondeni, kazi yake safi, lakini namba siweki hapa msije mkasema na mimi 😂