Re: Msajili wa Cheki anataka kumwongezea mtoto -ová, nifanyeje?

Dada, hongera kwa mtoto! Usisaini kitu kwa haraka, jina likishaingia kwa cheti cha kuzaliwa kulitoa ni kazi ingine na pesa ingine.

Hiyo -ová wanayotaka kumbandikia binti yako mwisho wa jina, kwa maana haina ubaya wowote. Kuna -ov ya Kislavoni inayoonyesha mtu ni wa nani, Petrov ni wa Petro, sasa Wacheki wakaiwekea á ikawa ya wanawake, ndio baba anaitwa Navrátil na binti Navrátilová. Wanabandikia hata wageni. Magazeti ya Cheki yaliandika Michelle Obamová, na mimi mtu wa Kisumu niliikazia macho hiyo jina, mbele O ya wanaume wa kwetu Wajaluo, nyuma mkia wa wanawake wa Praha, kwa mtu mmoja!

Sisi tunatenganisha mbele, Ochieng wa kiume na Achieng wa kike, na ukipanda huko Nandi ni Kiplagat na Chelagat. Waaislandi wanafanya nyuma, yule mwanamuziki Björk ni Guðmundsdóttir kwa sababu babake ni Guðmundur, ndugu wa kiume angekuwa Guðmundsson, nyumba moja majina mawili na hakuna anayeshtuka. Fernández wa Wahispania pia ni mtoto wa Fernando tu, ila hiyo iliganda zamani, siku hizi baba ya Fernández anaweza kuitwa chochote.

Sasa cha muhimu. Kama jina la baba ni Odhiambo, kwa Kicheki inakuwa Odhiambová, ile o ya mwisho inaliwa. Paspoti ya Kenya itasema Odhiambo, ya Cheki Odhiambová, halafu siku ya kukata tiketi ya kwenda kuona nyanya ndio utajua hujui. Tangu Januari 2022 sheria inaruhusu hata Wacheki wenyewe kuikataa, kwa hivyo mwambieni msajili, nyinyi wazazi wote wawili, kwamba mnataka jina bila -ová. Mimi ningekataa kabisa.

---

Naunga mkono aliyejibu hapo juu. Niko Leeds, Uingereza, mtoto wangu ana jina la babake na mimi langu, kila tukisafiri nabeba cheti chake cha kuzaliwa kwa mkoba wa mkononi, sio kwa sanduku. Ofisa akiuliza huyu ni wako, natoa, tunapita. Na hakikisha jina lako kwa hicho cheti linafanana na la paspoti herufi kwa herufi.