TLD, vidonge vya damu na dawa ya kiungulia: nipangeje masaa?

Mama Kijacho
Habari zenu wapendwa. Natumia TLD, kidonge cha VVU, kila siku saa tatu usiku, na kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Sasa mimba ina miezi mitano, kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu. Juu ya hapo kiungulia kinanichoma kila nikilala, nikanunua ile dawa nyeupe ya maji. Karatasi ya ndani ya kopo la TLD inazungumzia kuachanisha masaa, ila maandishi yenyewe ni madogo kama mayai ya chawa. Nilipouliza nikajibiwa "we kunywa tu". Kunywa tu vipi, vyote kwa mpigo?

Mfamasia Mstaafu
Hongera mwanangu. Hilo jibu la "kunywa tu" linanikera tangu nikiwa kazini.

Ndani ya TLD mna dawa tatu. Tenofoviri na lamivudini hazina neno hapa. Mwenye shida ni dolutegraviri: ikikutana tumboni na chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu au aluminiamu inanasana nayo, na ikishanasa haipenyi vizuri kwenda kwenye damu. Kidonge umemeza, lakini sehemu kubwa inaishia chooni.

Chuma (ndicho kilichomo kwenye vidonge vyako vya damu) na kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na TLD, mradi uwe unakula. Kama tumbo ni tupu, TLD itangulie kwa saa mbili, au isubiri saa sita. Kwako naona rahisi zaidi: vidonge vya damu asubuhi, kalsiamu na chakula cha mchana (hivyo viwili navyo havipendi kukaa pamoja), TLD usiku.

Dawa nyeupe ndiyo ya kuangalia sana. Nyingi ni magnesiamu na aluminiamu, na hapo chakula hakikuokoi. Wewe unachomwa ukilala, kwa hiyo sogeza TLD iwe saa moja jioni. Ikifika saa tatu una ruhusa ya kunywa dawa ya kiungulia. Mchana, mwisho wa kuinywa ni saa saba. Kama hata hivyo hupati usingizi, mwulize daktari kuhusu omeprazoli. Hiyo haigombani na dolutegraviri. Ila kwa dawa nyingine za VVU ni tofauti: wanaotumia rilpivirini wasiiguse omeprazoli kabisa, na wa atazanaviri wasiianze bila daktari wao.

Babu Sukari
Mzee, mimi nina kisukari. Nilipohamishiwa TLD daktari alinishusha metifomini hadi miligramu 1000 kwa siku. Nilidhani wanabana dawa!

Mfamasia Mstaafu
Alifanya sawasawa. Dolutegraviri inazuia figo kuitoa metifomini, kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda kwa asilimia 79 hivi. Pima sukari mara kwa mara, na ukiona kichefuchefu na kuharisha kusikoisha, rudi kwake.

Nipo Imara
Niongezee la TB. Nilipoanza rifampisini niliongezewa kidonge cha dolutegraviri peke yake, miligramu 50, saa kumi na mbili baada ya TLD. Nilipomaliza dawa za TB waliniambia nisikiache papo hapo, niendelee wiki mbili zaidi.

Mfamasia Mstaafu
Ndivyo. Rifampisini inalichochea ini kuivunja dolutegraviri haraka, na ini halitulii siku unapomaliza dozi. Kabamazepini ya kifafa ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo mwenye kifafa aitaje kliniki kabla ya kupewa TLD.

Mama Kijacho
Asante sana baba. Leo naanza na saa moja jioni. Moja la mwisho: mgongo unaniuma, nina diklofenaki zilizobaki nyumbani. Je, masaa yake?

Mfamasia Mstaafu
Hizo hazina masaa mwanangu, ziweke mbali. Tenofoviri inapita kwenye figo na diklofenaki inazielemea figo hizohizo, halafu kwa mimba ya miezi mitano hazifai kwa mtoto. Meza parasetamoli, hiyo haigongani na TLD. Na ukienda kliniki beba makopo yote kwenye mfuko mmoja, hata ya mitishamba kama unayo, uyamwage mezani wayaone.