Peni isiyo na tundu na heller ya Tabora: wajuzi wa sarafu, naombeni mwongozo

kijana_wa_nyakato
Wakuu, habari za jioni. Bibi yetu kule Ukerewe alitutoka, na kwenye kugawana vyombo mimi nikaangukiwa na kopo la sarafu. Nyingi ni peni za Mwingereza, zimetungwa kwenye uzi wa katani. Mbili ndizo zinanikosesha usingizi. Moja ni peni ya 1952 ambayo haina tundu, ilikuwa chini ya kopo peke yake maana haitungiki. Nyingine ni heller 20 ya 1916, hela ya enzi za Mjerumani. Taji limesogea pembeni hadi limekatika juu, na upande wa pili ukingo umebaki mpana, mtupu.

Jamaa mmoja pale Makoroboi, Mwanza, anasema atanipa laki mbili kwa zote, ila nimwachie kwanza "akazipime". Ni makosa ya kiwanda kweli? Bei ikoje?

mama_dagaa
Usimwachie mwanangu. Ukirudi utakuta peni imeota tundu.

kirumba_mwaloni
Isogeze kwenye mchele uone kama inavuta 😂

mzee_wa_heller
Mchele tuwaachie matapeli. Mjomba wangu aliuza ng'ombe wanne kwa ajili ya hadithi hiyo, eti sarafu ya kale inayovuta mchele ina bei kubwa.

Kijana, heller yako imepigwa Tabora, angalia herufi T. Meli za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, hela haziji kutoka Ujerumani, wakaamua kuzipiga wenyewe kwenye karakana ya reli. Mitambo ya kubahatisha, kwa hiyo kipande cha madini kukaa vibaya chini ya muhuri unaopiga picha si ajabu kwa sarafu hizi. Kinachoongeza bei ni kiasi ilichosogea, na kama mwaka bado unasomeka. Pitisha kidole kwenye ule ukingo mpana: ukiwa na mikwaruzo ya tupa, kuna mtu kauchezea.

Peni ndiyo inanitia shaka. Peni iliyoponyoka bila kutobolewa ipo, na wakusanyaji wanaitafuta, ila tundu lililozibwa ni rahisi kutengeneza. Mizani haitakusaidia sana, maana aliyeziba naye kaongeza uzito. Tafuta kioo cha kukuzia, uangalie kama kuna mstari wa duara katikati, pande zote mbili. Halafu sumaku. Peni ni shaba nyeusi, haishiki sumaku hata kidogo.

Na usizisugue! Si ndimu, si majivu. Ukiing'arisha umeitupa nusu ya bei.

fundi_saa_igoma
Mzee shikamoo. Mimi nina shilingi ya 1966, mwenge unaonekana mara mbili. Nayo ni dili?

mzee_wa_heller
Marahaba. Kama ule wa pili ni bapa, umekaa chini kama ngazi, basi muhuri ulitikisika tu wakati wa kupiga. Hauongezi kitu. Mrudio wenye thamani umechongwa kwenye muhuri wenyewe, una unene na kona zake kamili.

Kuhusu bei, msiangalie watu wanaomba ngapi mtandaoni. Angalieni zilizokwisha kuuzwa. Mtu anaweza kuandika milioni kumi kwa sarafu ya kununulia vitumbua.

kijana_wa_nyakato
Mrejesho wakuu. Nilibandua sumaku ya spika mbovu. Heller haikushtuka. Peni ikarukia, tak! Kwa kioo nikaona duara jembamba kama unywele, na ndani yake doa la kutu. Nikampigia shangazi. Akacheka kweli kweli: babu alikuwa fundi mitumbwi, peni za tundu ndizo zilikuwa washa zake, yaani visahani vya kushikia msumari. Msumari unapita, unapondwa, unapigwa tupa hadi ulingane na peni. Kumbe kipande cha msumari kimebaki humo miaka yote.

Ukingo wa heller ni laini, hauna alama ya tupa popote.

Jamaa wa Makoroboi kapiga simu asubuhi. Peni hataki hata kuisikia, anaulizia heller tu. Na mimi habari za sumaku sijamwambia.