Watoto wanapiga tarumbeta kwenye maharusi mwaka mzima, dada mkuu kauliza hela ziko wapi kachapwa na kuvuliwa cheo

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu. Shule siitaji maana mdogo wangu bado anasoma hapo, ni sekondari ya kutwa ya serikali huku kanda ya ziwa, wenye watoto pale mtaielewa tu.

Mwaka huu Januari kwenye kikao cha wazazi tulichangishwa elfu kumi kumi kwa ajili ya bendi ya shule. Hakuna aliyekataa, mama alitoa, mimi niliongeza elfu ishirini maana mdogo wangu yupo form three na tarumbeta ndo kitu anachokipenda kuliko vyote, alianza kujifunzia kanisani akiwa darasa la tano. Tuliambiwa watoto watapata kipaji, watapiga asubuhi mstarini na kwenye sherehe za kitaifa basi. Zikanunuliwa tarumbeta nne, tromboni mbili, ngoma kubwa moja, ngoma ndogo tatu na matoazi. Watoto walifurahi sana wakuu, kila siku baada ya vipindi uwanjani mpaka jua linazama.

Kuanzia hapo ratiba yao ikawa ya watu wazima walioajiriwa. Nane Machi siku ya wanawake wapo, Mei Mosi wanaongoza maandamano ya wafanyakazi, Mwenge ulivyopita wilayani kwetu waliamshwa saa tisa usiku ili saa kumi na moja alfajiri wawe wamepanga mstari barabarani na Mwenge wenyewe umefika saa tatu na nusu, muda wote huo wamesimama. Tarehe 16 Juni siku ya mtoto wa Afrika, siku ambayo dunia inakumbuka wanafunzi waliopigwa risasi Soweto 1976 kwa sababu walidai elimu inayowafaa, watoto wetu wamepigishwa gwaride kwenye jua tangu asubuhi, binti mmoja wa ngoma kaanguka kazimia, akapewa maji akakalishwa chini ya mti gwaride likaendelea. Waliporudi nyumbani walikuwa na soda moja na biskuti. Hizo za serikali bado nasema sawa, ni taifa letu, hata sisi tuliimba na kuandamana tukiwa wadogo.

Harusi ndo sikuwa nazijua. Mdogo wangu Ijumaa nyingi alikuwa anachelewa anasema mazoezi, Jumamosi anaondoka saa nane mchana anarudi saa sita usiku, mama akiuliza anaambiwa shughuli ya shule. Mwezi wa saba rafiki yangu anaoa, nipo kwenye kamati, tunapitisha bajeti mstari kwa mstari, tukafika kwenye matarumbeta, laki mbili na nusu, mwenyekiti akasema tunachukua bendi ya shule fulani wako vizuri na ni bei rahisi kuliko wale wa mjini. Nilinyamaza kimya. Siku ya harusi kirikuu, yaani kile kipikapu kidogo cha wazi, inaingia ukumbini namuona mdogo wangu juu kabisa amevaa sare nyeupe kashika tarumbeta, wenzake wamening'inia pembeni, watu wamelewa wanawatunza noti mabinti wa form two wanawabandika kwenye paji la uso, na mwalimu anapita nyuma na kapu anazikusanya zile noti zote. Usiku ule niliwafuata na pikipiki nyuma mpaka kila mtoto ameshushwa, maana lile gari nyuma halina hata kamba ya kushikilia.

Kumbe mdogo wangu ana daftari. Ameandika kila safari tangu Februari: tarehe, mahali, nani kaenda. Jumla safari 31, harusi na sendoff 14, mahafali ya shule za watu 7, za serikali 6, na nyingine 4 za makongamano huko. Nimepiga hesabu ndogo tu, harusi 14 kwa laki mbili na nusu ni milioni tatu na laki tano, mahafali wanachaji laki moja na nusu hiyo ni milioni moja na elfu hamsini, jumla milioni nne laki tano na hamsini elfu na hapo hela za kutunzwa sijagusa. Ngozi ya ngoma kubwa imechanika tangu Mei wanapiga upande mmoja. Tromboni moja imefungwa na solotepu. Sare wanafua wenyewe kwa sabuni za kwao.

Sasa njooni kwenye serikali ya wanafunzi. Mwezi wa nane walifanya uchaguzi, kampeni za kweli kabisa, mabango, maswali mstarini, kura za siri, mdogo wangu akapita dada mkuu kwa kura nyingi. Walimu wakawaambia hadharani nyinyi ndo sauti ya wenzenu, leteni kero zao kwenye baraza. Wanabendi wakampelekea kero. Oktoba kwenye baraza akasimama akasoma kwenye karatasi mambo matatu: wanabendi wapewe chakula wakitoka safari, mabinti wasirudishwe usiku kwenye gari la wazi, na mapato ya bendi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kama ruzuku inavyobandikwa. Ni hayo tu. Hajamtukana mtu wala hajamtaja mtu. Karatasi ninayo, nimeisoma mara kumi natafuta kosa sijaliona.

Jumatatu yake akaitwa mbele mstarini, akasomewa utovu wa nidhamu, akavuliwa beji ya dada mkuu na mwalimu wa kiume akamchapa viboko vinane mbele ya shule nzima. Kanuni za viboko ziko wazi wakuu, mwisho vinne, aidhinishe mkuu wa shule, viandikwe kwenye kitabu, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike. Walimu wa kike pale wamejaa. Kaka mkuu alipojaribu kusema hilo jambo wamelijadili wote kwenye baraza naye akapewa wiki mbili akae nyumbani. Kwenye bendi mdogo wangu katolewa, tarumbeta kapewa mwingine. Kiongozi wa wanafunzi aliyepo sasa ameteuliwa ofisini, hakuna kura iliyopigwa.

Kinachoniuma zaidi ya viboko ni kwamba wale watoto waliamini. Waliambiwa wachague wakachagua, waliambiwa waseme wakasema kwa adabu kabisa na kwa maandishi. Sasa hivi nikimuuliza mdogo wangu habari za shule ananijibu "salama" anaingia chumbani. Tarumbeta hataki hata kuisikia, Jumapili kanisani amekaa nyuma kabisa.

Na msije mkaniambia bendi inasaidia shule kwasababu elimu bure imepunguza michango. Kama inasaidia shule basi hela ionekane, mapato ya shule ya serikali yanatakiwa yapite benki na yaingizwe kwenye mfumo, si ipo FFARS, ule mfumo wa serikali wa hesabu za fedha za shule? Hela ya kapu la harusini imeingizwa wapi? Mjumbe mmoja wa bodi nimemuuliza ana kwa ana, kaniambia bendi haijawahi kuja kwenye taarifa yoyote ya mapato waliyosomewa mwaka huu.

Nimeshaandika barua kwa afisa elimu sekondari, nakala kwa mwenyekiti wa bodi, nimeambatanisha ile karatasi na kopi ya daftari kurasa zote 9. Kikao cha wazazi cha kufunga mwaka ni Ijumaa ijayo saa nne asubuhi. Wazazi wenye watoto kwenye ile bendi nawaomba mje, hata kama una kibanda sokoni funga masaa mawili tu, na mje na tarehe mnazokumbuka watoto walirudi usiku. Mama yangu amesema yeye atakaa mstari wa mbele na binti yake pembeni, na daftari atalishika yeye.