Shule ya masista au ya serikali ya bweni: watoto wanaishije huko ndani?

Mama Tausi
Wadau, habari za jioni. Binti yangu kamaliza la saba, kapangiwa bweni la serikali, shule ya wasichana watupu. Wakati huohuo kafaulu usaili wa shule ya masista huko Lushoto. Baba yake anataka ya serikali: ada hakuna tangu 2016, hela ikae imsaidie mbele. Mie moyo uko kwa masista, ingawa sisi Waislamu. Matokeo ya mitihani msiniletee, na NECTA wenyewe tangu Januari 2023 hawatangazi tena shule kumi bora. Nataka kujua maisha. Wanalala vipi, wanaishi vipi na wenzao, wanatoka watu wa namna gani?

Sweta la Kijani
Dada, mimi nimekaa miaka minne kwa masista, milima hiyohiyo. Kengele saa kumi na moja alfajiri, baridi inauma, maji ya kuoga kama yametoka kwenye friji. Wanaokwenda misa wanakwenda, halafu usafi. Kila mtu ana eneo lake na hupangiwi kwa kuangalia baba ni nani. Mtoto wa mkubwa serikalini na mtoto wa mkulima wa kabichi anayesomeshwa na masista walisugua choo kimoja, na mgeni asingewatofautisha: vichwa vyote vimenyolewa, simu hakuna, vyakula vya nyumbani marufuku. Nilichukia sana. Maharage yale sitayasahau. Bweni letu lilipewa jina la Anuarite, yule mwenyeheri wa Kongo aliyeuawa Isiro mwaka 1964, na sikukuu yake, Desemba mosi karibu na kufunga shule, ndiyo siku tuliyoonja pilau.

Sasa sikiliza. Mwenzetu alifiwa na baba katikati ya muhula. Aliporudi kutoka mazishini alikuta nguo zake zimefuliwa, kitanda kimetandikwa, na masomo ya wiki mbili yamenakiliwa kwenye madaftari yake kwa miandiko ya watu sita. Hakuna mwalimu aliyetuagiza.

Mzee wa Pangani
Assalaam aleikum Mama Tausi. Wangu yuko kidato cha tatu kwa masista. Anafunga Ramadhani, matroni anamwekea uji na chakula cha daku. Kwenye sala ya asubuhi anasimama kimya na wenzake, haabudu. Lakini kila shule ina utaratibu wake. Uliza kabla hujalipa: hijabu inaruhusiwa? Ijumaa wanaswali wapi? Usiridhike na "hakuna shida, mama". Soma maelekezo ya kujiunga mstari kwa mstari, na lisiloandikwa humo mwombe mkuu wa shule aliandike.

Ticha Moro
Mnaisema serikali kama vile haina malezi. Kilakala ya hapa Morogoro ilikuwa Marian College ya masista wa Maryknoll kabla ya kutaifishwa. Na Weruweru ya Mama Maria Kamm ilikuwa ya serikali, waulizeni waliopita mikononi mwake kama hawakulelewa. Bweni la serikali linakutanisha watoto wa Kigoma, Mtwara na Mara, Jumapili TYCS, yaani wanafunzi Wakatoliki, wako darasa hili, UKWATA, Wakristo wa madhehebu mengine, lile, na Waislamu wana mahali pao. Binti anajifunza nchi yake. Ninachokiri ni msongamano: matroni mmoja, mabinti wengi, mnyonge anaweza kulia wiki nzima asionekane.

Nyanya wa Limuru
Naandika kutoka Kenya. Mimi ni mtoto wa Loreto, masista waliofika kwetu 1921, Limuru wakaifungua 1936. Tulikaririshwa tunu za Mary Ward, yule Mwingereza aliyezaliwa 1585 ambaye masista hao wanafuata njia yake: uhuru, haki, unyofu, ukweli, furaha. Kuziandika ukutani ni rahisi. Hiyo furaha ndiyo hunipa kipimo: ukitembelea shule, simama karibu na bwalo saa ya chakula usikilize. Wanacheka?

Tena uliza mwenye shule ni nani. Ni shirika la masista, ni jimbo, au ni mfanyabiashara aliyeazima jina la mtakatifu? Mazinde Juu, kwa mfano, ilianzishwa 1989 na padre Mbenediktini, Damian Milliken, kwa ajili ya mabinti wa Usambara waliokuwa wakikosa sekondari. Shule iliyoanza na shida ya watu huwa na sura yake. Majina ya "Saint" siku hizi yako kila kona.

Kaka Mbishi
Mpwa wangu katoka huko anaogopa hata kuuliza swali. Kunyamaza nako mnakuita nidhamu?

Sweta la Kijani
Hapo sikupingi kaka. Sista mmoja akikohoa tu tulikuwa tunaganda. Mimi kubishana nimejifunzia chuoni.

Mama Tausi
Shikamoo mzee wa Pangani na nyanya. Nimemsomea baba Tausi yote haya. La mwenye shule ndilo limemgusa, pamoja na yule aliyefiwa na baba. Jumamosi tunapanda Lushoto wote watatu, anasema lazima ayaonje hayo maharage mwenyewe. Na Ticha, tukirudi tunapitia hiyo ya serikali, mnyonge wangu nimtazamie mabweni. Sweta la Kijani, masweta mangapi?

Sweta la Kijani
Mawili. Na soksi nzito za kulalia.