Mrejesho: ile dawa ya saratani niliyoandikiwa nitafute mtoto

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza kwa nini mwenye PCOS (tatizo la homoni linalofanya mayai yasipevuke vizuri) apewe letrozoli wakati karatasi ya ndani ya boksi inataja saratani ya matiti. Wiki nzima boksi lilikuwa chini ya vitenge kabatini.

Jumatatu nikapanda daladala kutoka Uyole, nikamwonyesha daktari ile karatasi. Hakucheka. Kumbe dawa yenyewe inashusha estrojeni, homoni ya kike, kwa muda, ubongo unashtuka, unaongeza homoni ya kukuza yai. Utafiti wa Marekani wa 2014, wanawake 750, hadi mizunguko 5: waliojifungua kwa letrozoli asilimia 27.5, kwa klomifeni, dawa nyingine ya kukuza yai, 19.1. Robo na ushee tu, jamani! Na wifi keshanunua beseni la kuogeshea.

Nimemeza, siku ya 3 hadi ya 7 ya mzunguko. Ultrasaundi ni Alhamisi.