Tupeane uzoefu: Pikipiki, milima na mvua ya baridi

Wakuu, uzi huu ni wa wale waliowahi kuvuka milima kwa pikipiki hali ya hewa ikiwa imechafuka. Nauanzisha kwa sababu safari hizi zikitajwa, watu wanaongelea utelezi tu. Kwangu mimi adui wa kwanza ni baridi, na inaanza kukumaliza mapema kabla hujafika kwenye kona ya kukuangusha.

Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kwa nyuzi 6 au 7 hivi. Ukitoka bondeni kuna nyuzi 24, ukipanda mita 1,500 unakuta 14 au 15. Hapo bado upepo. Kwenye nyuzi 10, ukitembea kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia baridi ya nyuzi 5. Ukilowa ndiyo kabisa.

Safari moja, karibu na kilele, glavu zimelowa chapachapa, nikaona vidole vya breki vinachelewa. Naviamuru vikunje, vinakunja baadaye kidogo. Kwa mwendo ule, hicho "kidogo" ni mita kadhaa za lami. Nikatoka nje kabisa ya barabara, mikono nikaiweka karibu na injini, nikasubiri mpaka kidole cha mwisho kikaweza kugusa kidole gumba bila shida. Mpaka leo kipimo changu ni hicho: kisipogusa, siendeshi.

Leteni yenu.

#2
Umenena mkuu. Mimi ni ukungu. Kioo cha helmeti kinajaa mvuke kwa ndani, ukikifungua mvua inakuchapa machoni. Nikawasha taa kubwa nione mbali, mwanga wote ukanirudia usoni, mbele ukuta mweupe. Taa ndogo ndiyo ilinionyesha ukingo wa barabara. Na tafadhali, msisimame barabarani kwenye ukungu hata kwa dakika moja. Wa nyuma hakuoni.

#3
Mnaotumia breki za ngoma, zikiingia maji unakanyaga ni kama hazipo. Kabla ya mteremko mimi nazigusa kidogokidogo huku natembea, zipate moto zikauke. Halafu nashuka na gia ya pili, injini inashika yenyewe. Kushuka na nyutro kwenye mvua sikubaliani nako hata kidogo.

#4
Nyongeza fupi kwa wenye kabureta: mkiona pikipiki inakosa nguvu huko juu, si lazima iwe imeharibika. Kwenye mita 3,000 hewa imepungua hadi kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Punguza gia, uvumilie.

#5
Naunga mkono hoja ya baridi, kwa sababu ilitaka kuniondolea mwenzangu. Tulikuwa wawili, yeye mbele. Nikaona anakata kona, indiketa inabaki inawaka. Kona ya pili hivyohivyo, na si kawaida yake. Nikampita, nikamsimamisha. Kila nikimuuliza anajibu "niko poa", lakini ulimi mzito kama mlevi, na kutetemeka kumekoma. Huko kukoma ndiko kulikonitisha, maana mwili wa kawaida una nyuzi 37, ukishuka chini ya 35 mtu anaanza kupoteza hata akili ya kujua kwamba anaumwa.

Nikachomoa ufunguo wake. Tukajibanza mahali pasipo na upepo, nikamvua vyote vilivyolowa, nikamvisha sweta kavu niliyoifunga kwenye mfuko wa plastiki, na koti la mvua juu yake. Alipoweza kumeza vizuri nikampa chai ya sukari kutoka kwenye chupa. Pombe hapana, inafungua mishipa ya ngozi na joto linazidi kutoka.

Alianza kutetemeka tena, ndipo nikapumua. Siku hiyo hatukuendesha tena, ingawa yeye alikuwa anadai ufunguo wake.

#1
Mkuu #5, pole sana. Hiyo ya indiketa sikuijua, naichukua. Hilo sweta lilikuwa la pamba au la sufu?

#5
Sufu. Pamba ikilowa haikupi joto lolote, mimi milimani siivai kabisa.